Mama Alimpeleka Wapi: Vitabu vya Vifo vya Rufiji

Mtoto aliyefariki kijijini Rufiji kabla ya mwaka 1998 aliacha kaburi na jina. Karatasi hakuacha. Alioshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa, akazikwa siku ileile kabla jua halijazama, na kijiji kizima kikajua nani ameondokewa. Utete, makao makuu ya wilaya, hawakujua. Wizarani hawakujua. Wakati wa kugawa dawa ulipofika, zikagawiwa na watu wasiojua nani anakufa na anakufa kwa nini.

Nilikuwa mdodosaji wa vifo upande wa kaskazini wa Mto Rufiji. Kazi yangu ilikuwa kuingia uani kwa wafiwa wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri, arobaini ikiwa imeshasomwa na mikeka ya msiba imekunjwa, na kuuliza mambo ambayo jirani mwenye adabu haulizi. Naandika habari za vitabu vyetu vya vifo kwa sababu ndani yake kuna ushahidi mmoja ambao akina mama wa Rufiji walistahili kutangaziwa kwa kipaza sauti. Waliotangaziwa ni wasomaji wa majarida ya kitabibu.

Kufuatilia vifo hakukuanza na sisi. Kipindupindu kilipovamia Unguja mwaka 1869, kulikuwa na daktari wa Kiskoti pale mjini, James Christie. Hakutosheka na kuhesabu maiti. Alikaa na wafanyabiashara na watu wa misafara, akawahoji ugonjwa waliuona wapi kwanza na ulifuata njia ipi. Kwa maneno yao akaunganisha safari nzima ya kipindupindu, kutoka upande wa Bahari ya Shamu, kupitia Uhabeshi na nchi ya Wamasai, kushuka Pangani hadi kuvuka maji. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876. Ninachomheshimia ni kwamba aliamini maneno ya wapagazi na wachuuzi, watu ambao mabwana wa siku zile hawakuwaona kuwa mashahidi.

Waliomfuata hawakuwa na subira hiyo. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya Tanganyika ilianza kazi mwaka 1921, lakini ulazima wake uliwaangukia Wazungu na Waasia. Mwafrika wa kijijini daftari halikumfuata. Ilipofika 1949, lilichapishwa juzuu la mtaalamu wa takwimu za watu Robert Kuczynski kuhusu makoloni ya Uingereza barani Afrika, na alipozifikia hesabu za Afrika Mashariki ilimbidi aonyeshe, ukurasa baada ya ukurasa, jinsi zilivyokuwa makisio tu. Baada ya Uhuru sensa zilihesabu walio hai, mwaka 1967, 1978 na 1988. Aliyekufa katikati ya sensa mbili, hasa akiwa mtoto aliyezaliwa na kufa baina ya hizo mbili, hakuwa na mstari wake kokote.

Hata hivyo nchi ilikuwa na kitu ambacho Christie hakuwa nacho, nacho ni balozi wa nyumba kumi. Chama cha TANU kilimweka kwa ajili ya siasa na ulinzi, lakini msiba haukufanyika bila yeye kujua. Yeye ndiye aliyepeleka habari kwa mwenyekiti, aliyekusanya rambirambi, aliyejua nani ameenda kuchimba kaburi na nani hakuonekana. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle na kwa fedha za serikali ya Uingereza, ilianzisha mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, Wilaya ya Hai, na Morogoro Vijijini. Mabalozi na wenzao wa vitongojini ndio waliokuwa wakileta taarifa ya kifo. Mdodosaji alifuata nyuma.

Matokeo ya miaka mitatu ya kwanza yalichapishwa mwaka 1996, jina la Dakta Henry Kitange likiwa la mbele. Nayajua kwa moyo. Kati ya vijana 100 wa kiume waliofika umri wa miaka 15 Morogoro Vijijini, 58 wangekufa kabla ya kutimiza 60, kama hali ingeendelea vile. Dar es Salaam 47, Hai 37. Kwa wanawake, Morogoro 48, Dar es Salaam 45, Hai 26. Katika nchi tajiri, hesabu hiyohiyo ilikuwa 15 kwa wanaume na 7 kwa wanawake. Mpaka hapo dunia ilikuwa ikizungumzia Afrika kama mahali pa kuokoa watoto wachanga tu, kana kwamba aliyevuka utotoni amepona. Sasa ilionekana kwamba baba na mama wa watoto hao walikuwa wakizikwa kwa wingi, UKIMWI ukiongoza, na kwamba mtu wa Hai na mtu wa Morogoro, raia wa nchi moja, hawakufa kwa kipimo kimoja.

Rufiji iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa taarifa yake kubwa kuhusu afya, ikidai kwamba nchi maskini zinaweza kupunguza vifo kwa fedha kidogo tu zikizielekeza kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Shirika la utafiti la Kanada, IDRC, likasema jambo hilo lijaribiwe kwanza mahali halisi. Zikachaguliwa Morogoro Vijijini na Rufiji, zenye watu wapatao 700,000 kwa jumla, na mradi ukaendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na IDRC. Lakini huwezi kuelekeza fedha kwenye kinachoua kama hujui kinachoua. Ndipo kuanzia Oktoba 1998 hadi Januari 1999 ikafanyika sensa ya kwanza ya vijiji 31, watu 85,000 hivi. Kila kaya ikapewa namba, na kila baada ya miezi minne mtu akawa anapita na kitabu: nani kazaliwa, nani kahama, nani kaolewa, nani kafa.

Asiyeijua Rufiji atadhani hiyo ni kazi ya kutembea na kalamu. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yalilikumba bonde, na Operesheni Rufiji ikawatoa watu mashambani na kuwapanga juu, kwenye ardhi kavu, katika vijiji vilivyonyooka kando ya barabara. Nyumba zikahama, mpunga haukuhama. Msimu ulipofika, familia nzima iliteremka bondeni na kulala kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Unafika na kitabu chako kijijini, unakuta mlango umefungwa kwa kamba na bibi mmoja kaachwa kuwaangalia kuku. Miezi mingine watu waliogopa hata madungu, kwa sababu simba walikuwa wakiwatoa watu humo usiku. Dodoso letu lilikuwa na sehemu ya vifo vya wanyama, na mwaka 2003 sehemu hiyo haikukaa tupu. Ng'ambo ya mto tulivuka kwa pantoni la Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka huohuo. Kabla yake, mgonjwa aliyefika ukingoni usiku alingoja kuche.

Taarifa ya kifo ilitujia kwa mleta taarifa wa kijiji, mtu wa palepale aliyepewa posho ndogo. Baadaye, si mapema mno mpaka machozi hayajakauka na si baadaye mno mpaka kumbukumbu zimepotea, mdodosaji alikwenda. Tulianza kama kila mtu anavyoanza: hodi, shikamoo, poleni na msiba. Tulikaa chini kama wenyeji walivyokaa. Mjane akiwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, mwanamume mgeni hana njia ya kukaa naye na kumhoji. Hapo ndipo wadodosaji wanawake tulipohitajika, na nilisema tangu mwanzo kwamba tuajiriwe wengi zaidi.

Dodoso lilikuwa refu. Homa ilianza lini? Ilikuwa ya kupanda na kushuka, au ya mfululizo? Alikohoa? Mbavu zilibonyea akipumua? Alitapika, aliharisha, kinyesi kilikuwa na damu? Macho yaligeuka ya manjano? Viganja vilipauka? Alistuka na kukakamaa? Alikuwa na fahamu baada ya hapo? Kwa mtu mzima yaliongezeka mengine: kukonda, vidonda mdomoni, mkanda wa jeshi, kikohozi cha miezi. Neno UKIMWI hatukulitamka sisi. Familia ilisema amerogwa, au amekufa kwa kifua, nasi tuliandika hivyohivyo walivyosema, kisha tukaandika dalili moja baada ya nyingine. Dalili ndizo zilizosema.

Mwishoni kulikuwa na kurasa zenye mistari mitupu. Pale hapakuwa na swali la ndiyo au hapana. Mfiwa alisimulia mwenyewe tangu siku ya kwanza ya ugonjwa hadi pumzi ya mwisho, na mdodosaji aliandika kwa maneno ya msimulizi. Nilipenda kuziacha kurasa hizo wazi magotini tangu mwanzo, maana mama hasimulii kwa mpangilio wa dodoso.

Namkumbuka mmoja, chini ya mwembe, aliyefungua pindo la kanga na kutoa kadi ya kliniki ya mwanawe. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri, nukta baada ya nukta, miezi kumi na moja. Alikuwa mtoto mwenye afya. Alianza kuchemka jioni wakiwa dunguni. Baba alipanda usiku huohuo hadi dukani akarudi na vidonge vya klorokwini. Mama alivisaga kwenye kijiko, nusu asubuhi, nusu jioni, kama alivyoambiwa na muuza duka. Homa ikashuka, kisha ikarudi. Siku ya tatu akambeba mgongoni kwenda zahanati. Akapewa klorokwini tena, kwa sababu ndiyo dawa iliyokuwapo. Usiku wa nne degedege likamkamata. Asubuhi alipakiwa kwenye baiskeli kupelekwa hospitali, na njiani akafa. Mama yule alisimulia yote bila kupaza sauti, kisha akaniuliza mimi, mwenye karatasi: "Mwanangu, ningemwahisha wapi tena?"

Swali lake lilikuwa na uzito kuliko alivyojua. Miaka ile, kila semina ya afya niliyohudhuria ilikuwa na mtu aliyesimama na kueleza kwa nini watoto wa pwani wanakufa: akina mama wanaamini degedege ni la mashetani, ni la ndege wa usiku, kwa hiyo wanakimbilia kwa mganga, wanamfusha mtoto, wanachelewa. Lilisemwa kwa uhakika mkubwa. Mabango yalichorwa kwa msingi huo. Manesi waliwakaripia wazazi mlangoni kwa msingi huo, wakati mwingine mtoto akiwa bado anakakamaa mikononi mwa mama yake.

Basi watafiti wa Rufiji walirudi kwenye zile kurasa za masimulizi. Walichukua watoto 320 wa chini ya miaka mitano waliokufa kwa malaria kati ya 1999 na 2001, wakafuatilia mtoto mmoja mmoja: kwanza alipelekwa wapi, kisha wapi, kisha wapi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2004. Asilimia 78.7 ya watoto hao walianza na tiba ya kisasa: dawa ya malaria kutoka dukani, au zahanati, au kituo cha serikali au cha dini. Walioanza na tiba ya asili, nyumbani au kwa mganga, walikuwa asilimia 9.4. Asilimia 11.9 hawakupata tiba yoyote. Degedege likiwapo au lisipokuwapo, mtoto akiwa wa kike au wa kiume, kaya ikiwa na uwezo au haina, uchaguzi wa kwanza haukubadilika.

Soma tena hesabu hizo. Hawa si watoto waliopona. Wote 320 walikufa. Karibu wanne kati ya kila watano walikuwa wamepewa kwanza tiba ile ambayo serikali, redio na mabango vilimwagiza mama ampe. Mama alitii. Kilichomwangusha ni dawa, na umbali, na rafu tupu, na kipimo cha nusu kidonge kilichotolewa na mtu asiyefundishwa. Klorokwini ilikuwa imechoka. Vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea kiasi kwamba Agosti 2001 nchi nzima iliiacha na kuhamia dawa ya SP, na miaka mitano hivi baadaye ikaja dawa ya mseto. Watoto wale walikufa katika miaka ileile ya mwisho ya klorokwini. Hilo ndilo ninalotaka kila nesi wa pwani alijue kabla hajafungua mdomo kumkaripia mzazi.

Hata upande wa fedha vitabu vilizungumza. Hesabu za vifo za Morogoro zilionyesha kwamba malaria peke yake ilibeba asilimia 30 hivi ya miaka ya uhai iliyopotea, na bajeti ya afya ya wilaya ilikuwa ikiitengea asilimia 5 hivi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Bajeti ilinakiliwa ya mwaka uliopita ikaongezwa kidogo, basi. Wataalamu wa mradi waligeuza vifo kuwa michoro ya rangi ambayo mganga mkuu wa wilaya na madiwani wangeweza kuisoma kwa dakika chache, na wakaacha wilaya yenyewe iamue. Fedha zikahamishiwa kwenye malaria, na kwenye mafunzo ya kumwangalia mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, homa, kikohozi, kuhara na lishe kwa pamoja, badala ya kumtibu kipande kipande. Nyongeza iliyotumika ilikuwa kama senti 80 za dola kwa kila mkazi kwa mwaka. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Vya chini ya miaka mitano kutoka 140 hadi 120. Vikaendelea kushuka.

Wenzetu wa taasisi ya utafiti ya Ifakara walikuwa na vitabu vyao tangu 1996, katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, vitabu vilivyoanzishwa ili kupima kama vyandarua vyenye dawa, vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu, vinaokoa watoto kweli. Vyandarua hivyo vilipandisha uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27, na ushahidi huo ukachangia kuzaa Hati Punguzo, kile kikaratasi cha mjamzito cha kununulia chandarua kwa bei nafuu kuanzia 2004. Mwaka 1998, Dar es Salaam, vituo vya kufuatilia vifo kwa namna hii vya Afrika na Asia viliunda mtandao wao, INDEPTH. Rufiji baadaye ikawa chini ya taasisi ya Ifakara. Malaria ilivyopungua, madodoso ya watu wazima yaliongezeka umuhimu: shinikizo la damu, kiharusi, magonjwa ambayo mradi wa mwaka 1992 ulikuwa umeyaona mapema na kuyapigia kelele, wasikilizaji wakiwa wachache.

Kubaini chanzo cha kifo wakati wetu ilikuwa kazi ya madaktari. Kila dodoso lilisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, wa tatu akasoma. Ilichukua muda, na madaktari wa nchi hii hawana muda wa ziada. Ndiyo maana zikabuniwa programu za kompyuta, InterVA ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zinazopokea majibu ya ndiyo na hapana na kutoa chanzo kinachoelekea kuwa ndicho, kwa muda mfupi na kwa kanuni ileile Rufiji na Bangladesh. Sizipingi. Zimewezesha nchi kufanya kazi ambayo isingefanyika kabisa. Lakini nyingi za programu hizo hazikuundwa kusoma masimulizi, na katika dodoso la kimataifa la Shirika la Afya Duniani kurasa za masimulizi zimekuwa jambo la hiari. Mradi unaotaka kuokoa muda wa mdodosaji unaanza kwa kuzifuta.

Nimekwisha kuwaambia vijana wanaofanya kazi hiyo sasa, wakiwa na vishikwambi badala ya vitabu vyetu, na naandika hapa ili wakubwa wao wasome: msizifute. Maswali ya ndiyo na hapana yanamtafuta aliyeua, na kwa hilo yanatosha. Hayasemi baba alipanda kutoka dunguni saa ngapi, duka lilikuwa na kidonge gani, zahanati ilijibu nini, nani alikuwa na baiskeli. Utafiti wa wale watoto 320 ulitoka katika kurasa za masimulizi, na bila kurasa hizo semina zetu zingekuwa zinaendelea mpaka leo kumtaja mganga.

Kama dakika za mahojiano ni chache, yapunguzwe maswali ya mali za kaya, yale ya redio na bati na aina ya sakafu, ambayo mdodosaji mwingine ameshayauliza kwenye kitabu cha kaya. Mfiwa aachiwe nafasi yake ya kusimulia, na kinachoandikwa kiwe Kiswahili chake mwenyewe. Kisha matokeo yarudishwe kijijini, yasomwe kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya mwenyekiti na manesi wa zahanati, akina mama wakiwa wamekaa mbele.